Barua ya wazi: kwenye makato ya tumbaku, kibarua awe wa kwanza

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Tabora na wakuu wa wilaya zinazolima tumbaku. Kwa maofisa kazi. Kwa wasimamizi wa zao na kampuni zinazolinunua. Kwa wenyeviti na makatibu wa vyama vya msingi vya ushirika. Na kwa mapadre wa parokia zetu, ambao nao nimewaweka humu kwa makusudi.

Tumsifu Yesu Kristo. Kwa wasio wa imani yangu, shikamoni na poleni kwa majukumu.

Mimi ni katekista wa kigango kimoja wilayani Kaliua. Pia nalima tumbaku ya mvuke na ni mwanachama wa chama cha msingi, kwa hiyo mwenye jibu la "huyu hajui shamba" amtafutie mtu mwingine.

Ombi langu ni moja, na naliweka hapa juu ili mwenye haraka alione: fedha ya tumbaku inapoingia, ujira wa kibarua wa msimu utolewe kabla ya deni la pembejeo, kabla ya mkopo wa benki, kabla ya makato ya chama, na kabla ya mimi mkulima sijaishika. Leo kibarua ndiye wa mwisho. Wengine wote wakishachukua chao, kikibaki kitu anapewa, kisipobaki anaambiwa avumilie mpaka msimu ujao. Nasema kama Mkatoliki kwamba mpangilio huo ni dhambi, na nitaeleza kwa nini. Nasema pia kama mkulima kwamba unaweza kubadilishwa bila kungoja fedha mpya kutoka popote.

Wengi wenu mnaijua tumbaku kuanzia sokoni. Marobota yamepangwa, mteuzi anapita akitaja madaraja, bei inasomwa kwa dola. Nawaomba mrudi nyuma miezi kadhaa. Kitalu kinamwagiliwa asubuhi na jioni katikati ya kiangazi, wakati hata maji ya kunywa yanagombaniwa kisimani. Mvua zikishika, miche inahamishiwa shambani. Palizi, mbolea, kukata maua ili majani yanenepe, kung'oa machipukizi ambayo ukiyaacha siku chache yamerudi. Halafu kuchuma. Jani la tumbaku linaiva kutoka chini kwenda juu, kwa hiyo mchumaji anapita mstari uleule wiki baada ya wiki, mgongo umekunjwa, na anaanza alfajiri majani yakiwa bado yana umande. Umande huo ndio mbaya. Nikotini inayeyuka ndani yake na kupenya ngozini, na mtu aliyeloa mpaka kifuani anaanza kizunguzungu, kichwa kinamgonga, anatapika. Anapumzika chini ya mwembe, kesho yake anarudi mstarini. Koti la mpira na glavu vingemwokoa. Wengi ninaowaona wamevaa mfuko mtupu wa mbolea, umetobolewa pa kupitisha kichwa na mikono. Utomvu ukikauka viganjani unakuwa mweusi, na kipande cha sabuni hakiutoi. Mpe kibarua mkono mwezi wa tatu, utajua msimu umefika wapi bila kuuliza.

Majani yakishachumwa yanafungwa kwenye vijiti, yanapandishwa kwenye bani, yaani banda la kukaushia, moto unawashwa. Kukausha bani moja kunachukua karibu wiki. Mwanzoni joto liwe la chini, jani ligeuke njano. Kisha linapandishwa taratibu mpaka kama nyuzi 70, ili na ule mshipa mnene wa katikati ukauke. Moto ukizidi, jani linaungua. Ukilegea, linakuwa jeusi na daraja limeanguka. Lazima mtu akeshe. Mwenye shamba analala nyumbani, na anayeamka saa nane usiku kuangalia kipimajoto na kusogeza magogo ni kijana aliyeyakata magogo hayo mwenyewe.

Kijana huyo mara nyingi si mtu wa hapa. Ametoka mkoani Kigoma, Kasulu, Kibondo, Kakonko au Buhigwe, na wengine wamevuka kutoka Burundi. Ameletwa na mtu aliyepita kijijini kwao akitaja kiasi kikubwa "kwa msimu". Zamani walikuja kwa treni, siku hizi ni basi. Hajaandikiwa chochote. Amekubaliana kwa mdomo, tena na dalali, si na mwenye shamba.

Mwaka mmoja kijana wa namna hiyo aliniomba nimsomee daftari la tajiri wake, maana kusoma kwake kulikuwa kwa kubabaisha. Lilikuwa daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Mstari wa kwanza: nauli ya kumleta. Inayofuata: unga, dagaa, sabuni, kandambili, dawa ya malaria, vocha ya simu, mpini wa jembe uliovunjika, betri za tochi. Hiyo tochi ilikuwa ya kukeshea bani. Yaani alikuwa ananunua mwenyewe mwanga wa kulindia mali ya mtu mwingine. Chini kulikuwa na jumla, imetolewa kwenye ahadi ya msimu, na kilichobaki kilitosha nauli ya kurudia kwao na labda shati. Nilipitia hesabu yote nikitafuta mahali alipoibiwa. Hesabu ilikuwa sahihi. Tajiri yule hakuwa mwizi wa tarakimu. Na hata hicho kidogo hakikulipwa siku hiyo, kwa kuwa chama kilikuwa bado hakijaingiziwa fedha.

Tangu hapo nimeacha kuwalaumu wakulima mmoja mmoja, ingawa wabaya wapo na nitawafikia. Tatizo ni foleni. Kampuni inakopesha pembejeo mwanzoni mwa msimu: mbolea, viuatilifu, magunia, uzi. Tumbaku ikiuzwa, deni hilo linakatwa kabla fedha haijamfikia mkulima. Benki inakata chake. Chama kinakata chake. Kama wenzako mliodhaminiana wameanguka, unabeba na sehemu ya deni lao. Malipo yenyewe miaka mingine yanachelewa wiki nyingi baada ya soko. Kinachobaki ndicho cha mkulima, na ndani ya kinachobaki ndimo mlimo na ujira wa kibarua. Mvua ikikatika, bei ikishuka, mteuzi akiwa mkali, hasara inateremka ngazi moja baada ya nyingine mpaka imkute mtu asiye na wa kumsukumia. Hakutia saini mkopo wowote, wala hakushiriki kupanga bei. Lakini bima ya mnyororo mzima ni yeye.

Hapa ndipo mafundisho jamii ya Kanisa yanapoingia, na nitayataja kwa majina yake, kwa sababu watu wengi wanadhani Kanisa kwenye habari ya mishahara lina huruma tu, halina hoja.

Tarehe 15 Mei 1891 Papa Leo XIII alitoa waraka wa Rerum Novarum. Ulaya ilikuwa imejaa viwanda na wafanyakazi waliochoka, na matajiri wa wakati ule walikuwa na jibu moja tu: mtu amekubali mwenyewe mshahara huu, basi haki imetendeka. Leo XIII alilikataa jibu hilo. Alisema chini ya makubaliano ya watu wawili kuna haki iliyo ya zamani zaidi na yenye uzito zaidi kuliko makubaliano yenyewe, nayo ni kwamba ujira usipungue kiasi cha kumtunza mfanyakazi mwenye kiasi na mwenye mwenendo mwema. Kisha akaongeza maneno ambayo natamani yabandikwe kwenye kila ofisi ya chama cha msingi: mtu akikubali masharti magumu kwa sababu ya shida, au kwa kuogopa mabaya zaidi, huyo ametendewa kwa nguvu, na nguvu hiyo haki inaipinga. Kwa hiyo tajiri akiniambia kijana alikubali mwenyewe kulipwa mwisho wa msimu, kwa mdomo, baada ya makato, namwuliza swali moja tu: angekataa, angekula nini kule Kibondo?

Papa wa sasa, aliyechaguliwa Mei 2025, alieleza mwenyewe kwamba amejiita Leo kwa sababu, pamoja na mengine, ya waraka huo wa 1891. Na Oktoba mwaka huohuo alitoa wosia wake wa kitume juu ya upendo kwa maskini, Dilexi te. Kwa hiyo mambo haya si ya makumbusho.

Lakini waraka unaoigusa tumbaku yetu karibu zaidi ni wa Yohane Paulo II, Laborem Exercens, wa tarehe 14 Septemba 1981. Papa huyo baadhi yenu mlimwona kwa macho alipokuja Tabora Septemba 1990. Tulimpigia vigelegele na kumwimbia. Sidhani kama tulisoma alichoandika. Humo anatofautisha waajiri wa aina mbili. Wa kwanza ni yule unayemwona, aliyekupa jembe na unayemdai ujira. Wa pili humwoni: ni watu, taasisi, mikataba na taratibu zinazoamua mapema huyo wa kwanza ataweza kukulipa nini na lini. Na Papa anasema huyo wa pili naye ana dhamana ya kweli mbele ya haki.

Hebu lichukueni fundisho hilo mpaka kwenye banda la soko. Mwajiri wa kwanza ni mimi, mkulima mwenye ekari zangu chache na paa linalovuja. Mwajiri wa pili ni kampuni inayopanga ni kilo ngapi itanunua na pembejeo ni za bei gani. Ni benki inayojiweka mbele ya kila mtu. Ni chama kinachopitisha makisio ya msimu bila mstari hata mmoja wa ujira. Ni serikali, iliyo na ofisa kazi kwenye orodha ya watumishi ambaye sijawahi kumwona bani. Ninyi nyote ni waajiri wa yule kijana mwenye daftari. Hamkumwajiri, lakini mmemwajiri. Na ndiyo maana barua hii nimeielekeza kwenu badala ya kuishia kuhubiri kwa wakulima Jumapili.

Waraka huohuo una kanuni nyingine, na ndiyo iliyonipa ombi langu: kazi iko kabla ya mtaji. Mtaji ni chombo, na hata wenyewe umetokana na kazi ya watu waliotangulia. Mbolea ni mtaji. Mkopo ni mtaji. Mikono iliyokesha bani ni kazi. Kwenye foleni yetu ya makato mtaji unalipwa wote, tena na riba, halafu kazi inaokota makombo. Yaani tumepindua kanuni kichwa chini, na bado tunamaliza mkutano mkuu kwa sala. Yohane Paulo II anasema zaidi kwamba ujira wa haki ndicho kipimo cha kujua kama mfumo mzima wa uchumi unatenda haki. Hakusema kipimo ni tani zilizouzwa wala dola zilizoingia mkoani. Nayakumbuka maneno hayo kila ninaposikia takwimu za msimu zikisomwa kwa mbwembwe.

Sasa pingamizi, maana nazijua. Nyingine nimezisikia barazani kwangu.

Ya kwanza: kibarua akilipwa kila mwezi atatoroka katikati ya msimu, jani likiwa shambani. Hofu hiyo ni ya kweli, siibezi. Mkulima aliyekimbiwa mwezi wa pili amekwisha. Lakini tuiite kwa jina lake dawa tuliyoichagua: tunamshika mtu kwa kumzuilia mali yake. Mtu anayebaki kazini kwa sababu akiondoka anapoteza miezi yote aliyokwishafanya hayuko mbali na yule aliyefungwa mguu. Na dawa hiyo ina sumu kwa upande wa pili. Kuna matajiri ambao kazi ikikaribia kwisha wanaanza visa: matusi, chakula kupungua, kusingizia wizi, mpaka kijana mwenyewe anaondoka usiku. Aliyetoroka halipwi. Nimeona kijana anayeondoka hivyo, na nimemwona tajiri wake kesho yake akiwa na furaha isiyo na maelezo. Sehemu ya ujira ikitolewa kila mwezi, na sehemu ikawekwa mahali ambapo tajiri hawezi kuigusa wala kijana kuichukua kabla ya mavuno, hofu ya wote wawili inapungua.

Ya pili: mkulima naye maskini. Ndiyo. Lakini mwone aliyetoa hoja hiyo ni nani. Akiitoa mkulima, namsikiliza. Akiitoa mtu ambaye shirika lake limeshajilipa kabla ya huyo mkulima maskini, hapo sisikii. Na nyongeza: umaskini wa mkulima haumpi haki ya kuuteremsha kwa mwingine. Unampa haki ya kuungana na kibarua wake kudai foleni ibadilishwe.

Ya tatu: tunawalisha na kuwalaza. Posho ni posho. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe na nguo kati ya Tabora na pwani walikuwa na posho ya njiani na ujira wao kando, na walijua tofauti. Wajukuu zao wamewezaje kuisahau, sijui.

Kwa upande wa sheria nitapita haraka, kwa sababu ipo na ni nzuri kuliko tunavyoitumia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, na kama hayaelewi, amweleze kwa namna atakayoielewa. Mkifika kwenye shauri na mwajiri hana karatasi hiyo, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira unamwangukia yeye, si kibarua. Amri ya kima cha chini cha mshahara inaitaja sekta ya kilimo kama inavyozitaja nyingine. Sheria hiyohiyo ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na kazi za hatari inazikataza kwa yeyote chini ya miaka 18. Tumbaku yenye umande ni ya hatari, hilo halihitaji kamati. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, ipo. Ila kijana wa Kasulu ataifikiaje, na nauli yake iko ndani ya ule ujira anaoudai? Ofisa kazi anayemngoja mlalamikaji ofisini Tabora mjini atangoja sana.

Na kwenu viongozi wa Kigoma, msione barua imeandikiwa jirani. Wakati wa Waingereza mkoa wenu ulifanywa ghala la nguvukazi. Wakala wa mashamba ya mkonge walipita Kasulu na Kibondo wakiandikisha manamba wa kupeleka Tanga. Angalau wale walikuwa na kipande mkononi chenye namba. Dalali wa leo anapakia vijana stendi bila hata hicho, na wengine ni watoto waliopaswa kuwa darasani. Hamwezi kuzuia watu kutafuta riziki, na Kanisa halisemi mzuie. Laborem Exercens inasema mtu ana haki ya kwenda kutafuta maisha mahali pengine, ila asiwe kwenye unyonge wa kunyonywa huko aendako kwa sababu tu ni mgeni. Mnachoweza ni kuandika. Nani anaondoka, anaenda kwa nani, kwa ujira gani, nani amemchukua. Ofisa mtendaji wa kijiji ana meza na kalamu.

Njia hiyo ya Kigoma kuja Tabora, kwa taarifa yenu, imepitiwa na watu wakubwa. Askofu Paul Ruzoka alikuwa Askofu wa Kigoma kabla ya kuwa Askofu Mkuu wa Tabora mwaka 2006. Kardinali Protase Rugambwa naye aliongoza Jimbo la Kigoma kabla ya kwenda Roma, na baadaye akaletwa Tabora. Wamisionari wa Afrika walipita kinyume chake: wakafika Tabora mwaka 1878, na Januari 1879 wakawa Ujiji, kwenye njia ileile ya misafara ya watumwa, na watu waliokombolewa utumwani wakawa miongoni mwa Wakristo wa kwanza huku kwetu. Kanisa la hapa limezaliwa likiwa na wanyonge wa barabara hiyo. Kwa hiyo, baba zangu mapadre, ninayowaandikia sasa si mambo ya siasa yaliyopotea njia yakaingia parokiani.

Kwenu nina neno gumu, na nalisema kwa heshima ya mwana kwa baba. Soko la tumbaku likifunguliwa, nasi tunatangaza zaka na sadaka ya mavuno. Mbuzi, mahindi, bahasha. Mimi mwenyewe ndiye ninayesoma majina. Hakuna hata mara moja tumeuliza kabla ya kupokea: umemlipa aliyekuchumia? Na kitabu tunacho, kwenye Biblia yetu ya Kikatoliki. Yoshua bin Sira, sura ya 34, anasema sadaka iliyotoka kwenye mali ya dhuluma ni dhihaka mbele za Mungu, na kwamba anayemnyima kibarua ujira wake anamwaga damu. Mwaka 1514 padre Mhispania, Bartolomé de las Casas, alikuwa kisiwani Cuba akiandaa mahubiri ya Pentekoste, naye wakati huo alikuwa na wenyeji wa kisiwa hicho wanaomfanyia kazi bila hiari yao. Alikutana na maneno hayo, akawaachia watu wake, na maisha yake yaliyobaki akayatumia kuwatetea. Sura ileile tunayo sisi, imelala kabatini sakristiani.

Katekisimu inazihesabu dhambi zinazomlilia Mungu mbinguni, na kumdhulumu mfanyakazi ujira wake imo pamoja na mauaji. Mtume Yakobo anaandika kwamba ujira uliozuiliwa wa waliovuna mashamba unapiga kelele wenyewe. Kumbukumbu la Torati linataka kibarua maskini alipwe siku ileile, jua lisitue. Jirani zangu Waislamu, na mkoa huu wanao wengi tangu enzi za misafara, wana hadithi ya Mtume kwamba mfanyakazi apewe ujira kabla jasho lake halijakauka. Kwenye chama chetu cha msingi Wakatoliki, Waislamu, Wamoraviani na Wapentekoste tunakaa mkutano mmoja. Kuhusu ujira hatuna pa kutofautiana. Tunatofautiana na vitabu vyetu tu.

Mwalimu Nyerere, aliyefundisha St. Mary's hapa Tabora kabla ya siasa, aliwaambia masista wa Maryknoll kule New York mwaka 1970 kwamba Kanisa lisiposhiriki kupambana na mifumo inayowaweka watu kwenye umaskini, litahesabiwa upande wa udhalimu. Alikuwa anaongea na watawa, tena marafiki zake, na hakupunguza makali. Nami nimejaribu.

Najua yupo atakayesema heri tungeachana na tumbaku kabisa, inamaliza miombo kwa kuni na wavutaji wanakufa. Huenda ana haki. Nyuki wetu wangemuunga mkono. Lakini kijana anayedai ujira wa msimu uliopita hawezi kulipwa kwa mjadala wa msimu ambao hautalimwa.

Ninayoyataka, basi. Chama kiandikishe kila kibarua wa msimu, kwa jina, umri, anakotoka na ujira waliopatana, kabla kitalu hakijamwagwa mbegu, nakala moja abaki nayo yeye. Ujira huo uingie kwenye makisio kama mbolea inavyoingia. Kama kampuni na benki zinaweza kukopesha mfuko wa mbolea, zinaweza kukopesha na sehemu ya ujira ya kila mwezi, ipite kwenye simu ya kibarua moja kwa moja, isipite mfukoni mwangu wala mwa dalali. Inayobaki ikatwe sokoni, ya kwanza, kabla ya deni lolote. Nauli ya kuja, tochi, jembe na dawa ya aliyeugulia shambani visiandikwe kwenye daftari lake. Hizo ni gharama za tajiri. Glavu na makoti viletwe pamoja na viuatilifu, kwa gari lilelile. Ofisa kazi aje mwezi wa pili na wa tatu, alfajiri, wakati wa kuchuma. Akija siku ya soko ataona marobota tu.

Kampuni zitasema hatari ya mkopo itapanda. Itapanda kidogo, ndiyo. Itahama kutoka kwa mtu mwenye daftari la shule kwenda kwa mwenye wanasheria na hesabu za dola. Kati ya hao wawili naona mmoja anayeweza kuibeba.

Baba Paroko, kwako ombi ni dogo: mwaka huu tangazo la sadaka ya mavuno litanguliwe na lile swali. Nitalisoma mimi, ukiniruhusu, na lawama zikija nizipokee mimi.

Makisio ya msimu ujao yatapitishwa kwenye mikutano mikuu ya vyama, kabla ya vitalu. Kwenye mkutano wa chama changu nitaomba mstari wa ujira uwekwe juu ya mstari wa mbolea na upigiwe kura. Nawaomba wenyeviti wa vyama vingine mfanye hivyohivyo, na ninyi wa kampuni na wa serikali mtume mtu mwenye mamlaka ya kujibu ndiyo au hapana papo hapo. Tumechoka na wanaokuja kuchukua maoni.

Wenu,
Katekista na mkulima wa tumbaku,
Wilaya ya Kaliua, Tabora